Viduara vya Pembezoni

Nilianza kupima maji kwa sababu ya haya. Sikuwa na habari ya sayansi. Mfereji wetu hapa Makongeni ni mmoja kwa mistari miwili ya nyumba, na foleni yake ni mahali pa maneno. Kina mama huulizana nani amejifungua, nani amehama bila kuaga, nani ameonekana na nani. Mimi nikiongeleshwa hukauka koo. Nikagundua kwamba mtu anayehesabu kimoyomoyo, macho yake yakiwa kwenye mtungi, haongeleshwi sana. Watu hudhani ana mawazo. Basi nikawa nahesabu. Siku njema mtungi wa lita ishirini ulijaa nikiwa nimefika mia moja. Siku mbaya nilifika mia nne. Na zilikuwepo siku ambazo mfereji ulitema mate mara mbili, ukapiga chafya, ukanyamaza.

Nikirudi nyumbani niliandika. Nina shajara tangu kidato cha kwanza, daftari kubwa la jalada gumu, na kila siku huanza na maji: yamekuja saa ngapi, nimehesabu mpaka ngapi, yamekatika saa ngapi. Chini yake ndipo mambo yangu ya moyoni. Sikujua kwamba sehemu ya juu ya ukurasa ilikuwa kitu cha maana. Ilikuwa tu njia ya kuanza kuandika bila kuogopa.

Aliyeniambia kwamba ni utafiti ni jirani yangu.

Yeye inabidi nimweleze vizuri, maana ubaya wangu unaanzia kwake. Tunaishi mlango kwa mlango na ukuta wetu ni mmoja. Mamake akikohoa, sisi tunasema pole. Mwaka jana, tukiwa kidato cha tatu, tulikuwa dawati moja. Walikuja kutoka magharibi tukiwa darasa la tano, na kabla wiki haijaisha watu wote walikuwa wanamwita kwa jina. Mimi niliyezaliwa hapa naitwa mpaka leo "yule wa nyumba ya mwisho". Mamake ni dobi: anafua sare za watoto, mashuka ya watu, na wakati ule alikuwa anafua pia kanzu za kwaya ya kanisa letu. Rafiki yangu alikuwa na sauti kubwa, meno yenye mwanya, na tabia ya kuuliza kitu chochote kilichomjia kichwani. Mimi vitu vikinijia kichwani huwa vinakaa humo humo.

Siku aliyoniambia, tulikuwa tumeketi kizingitini kwetu tukifanya hesabu za nyumbani. Shajara ilikuwa wazi kwenye mapaja yangu. Aliichungulia, nami nikafunika nusu ya chini kwa mkono.

"Hebu ngoja. Hii saa tisa na robo ni nini?"

"Maji."

"Umeandika kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu fomu wani."

Akasimama kabisa, vitabu vikaanguka. "Manze! Wewe ni mwendawazimu. Miaka miwili na nusu umekalia projekti na hausemi?"

Muhula huo mwalimu wa hesabu alikuwa anatafuta mradi wa kupeleka kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa. Alikuwa mtu wa kupaka chaki mpaka kwenye kola, na alipenda kutueleza kwamba watu wa kila kazi wanatabiri, ila hawaiti hivyo. Nesi wa kliniki, alisema, humpima mtoto kila mwezi, akaweka nukta kwenye kadi, akaangalia mstari unaelekea wapi kabla mtoto hajakonda. Mkulima hupima urefu wa mahindi kwa jicho na anajua atavuna magunia mangapi. "Kupima ni kuuliza," alituambia. "Kutabiri ni kukubali kukosea mbele za watu." Mimi nilipenda ile ya kwanza. Ile ya pili ilinitia baridi.

Rafiki yangu alimwendea mwalimu kesho yake asubuhi, mimi nikiwa nyuma yake kama mkia. "Mwalimu, tunaweza kujua maji yatakuja lini Makongeni." Alisema "tunaweza". Nakumbuka, kwa sababu baada ya wiki moja shule nzima ilikuwa inasema "anaweza".

Tukaanza kazi. Nilikataa kumpa daftari, nikamwambia kuna mambo yangu ndani. Hakuniuliza mambo gani. Alileta karatasi kubwa za kuchorea, mimi nikawa nasoma, yeye anaandika.

"Jumanne?"

"Saa tisa. Mia moja sabini."

"Jumatano?"

"Hakuna."

"Alhamisi?"

Hivyo hivyo alasiri tisa, mpaka sauti yangu ikakauka, na nadhani katika maisha yangu sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja. Nilifurahi. Hilo nalo ni kweli, niliweke hapa lisipotee.

Yeye ndiye aliyejua la kufanya na zile namba. Alitenga kila siku ya juma, akatafuta wastani wa saa. Akaona kwamba Jumapili, viwanda vikiwa vimefungwa, maji huja mapema na kwa nguvu, na Jumatatu, vikifunguliwa, yanachelewa, kisha yanawahi kidogo kidogo juma likisonga. Akatenga siku zilizofuata mvua kubwa. Akachora mstari. Mimi nilikuwa nimeishi na namba hizo miaka miwili na nusu na sikuwahi kuona mstari wowote. Alipouchora nilihisi kama mtu ameingia nyumbani kwetu akanionyesha mlango ambao sikuujua.

Wivu haukuja siku hiyo, lakini. Ulikuja Jumapili, na ulikuja kwa sababu ya baba yangu.

Baba anafanya kazi karakana ya mabehewa ya treni. Anapima magurudumu. Juu ya kabati letu kuna kigezo cha chuma cha zamani, kimepinda kama jino la ng'ombe, na mimi nimekipangusa vumbi kila Jumamosi tangu nikue mrefu wa kukifikia. Jumapili hiyo rafiki yangu aliingia kuazima kiberiti, akakiona.

"Baba, hiki ni cha nini?" Anamwita baba yangu Baba, kama mimi ninavyomwita mamake Mama.

Baba akaweka gazeti chini. "Hicho? Kupima gurudumu linavyolika."

"Na unajuaje litakufa lini?"

Baba yangu akacheka. Baba yangu, ambaye hucheka Krismasi na siku arusi ya mtu ikiharibika. "Halifi, mwanangu, hulika. Nikilipima leo, nikalipima tena baada ya miezi mitatu, najua linalika kwa kasi gani. Nahesabu mbele. Nasema, hili litolewe kabla ya mwezi wa nane."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea mtanisoma gazetini."

Wakacheka wote wawili. Akakitoa kigezo, akamwekea mkononi, akachukua sufuria yetu na kumwonyesha ukingoni mwake jinsi kinavyokaa. Walikaa hapo mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, namenya viazi. Miaka yote hiyo nimekipangusa kile chuma, na sikuwahi kuuliza. Na baba hakuwahi kuona kwamba nataka kujua. Atajuaje, kama sisemi? Najua hivyo. Lakini kujua hakukunisaidia. Nilimenya viazi mpaka vikabaki vidogo kama maharagwe.

"Ona mwenzako," mama akaniambia jioni. "Mtoto anauliza mpaka mtu mzima anapenda kujibu."

Sasa nieleze viduara.

Mabehewa yakija karakana kukaguliwa, huoshwa kwanza. Kazi hiyo huanza alfajiri na kuisha jioni. Siku yake haina ratiba: behewa likifika limefika, na msimamizi huwaambia mchana wa siku iliyotangulia. Baba akija nyumbani husema neno moja tu mezani, "Kesho kuosha," ili mama amtolee buti za mpira. Nilipokuwa kidato cha pili niliona kwamba siku ya kuosha, mfereji wetu hautoi kitu. Nadhani bomba ni lile lile. Tangu hapo, baba akisema "Kesho kuosha", mimi nilikuwa nachora kiduara pembezoni mwa ukurasa wa kesho, kwa kalamu ya risasi. Sikumwambia mtu. Siku hizo nilienda mferejini bila mtungi, au sikwenda kabisa, na nilijisikia mwerevu.

Nilipokuwa nikimsomea rafiki yangu namba, viduara sikuvisoma. Alasiri ya kwanza sikuvisoma kwa kuwa hakuuliza. Hiyo naweza kuapa. Lakini baada ya ile Jumapili ya viazi, aliniuliza.

Alikuwa na orodha kando ya karatasi yake, siku ambazo maji yalipaswa kuja hayakuja, bila mvua, bila sababu. Aliziita siku za mkosi. "Hizi siku," akasema, "hamna kitu chochote unakumbuka? Kitu kidogo tu?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya pembezo ya ukurasa. Chini ya kidole changu cha shahada kulikuwa na kiduara.

"Hapana," nikasema.

Mwalimu alitaka jaribio. Alisema mradi utaenda mkoani ikiwa utabiri utasimama wiki tatu mfululizo mbele ya watu, na atakayeuwasilisha jukwaani ni mmoja tu. Hakusema nani. Hakuna aliyeuliza. Rafiki yangu aliandika kwa kalamu nene, akabandika ukutani juu ya mfereji: Jumatatu saa kumi. Jumanne hakuna. Jumatano saa nane na nusu. Chini akaandika jina lake na langu. Mvua ya manyunyu ya kwanza ilifuta la chini, ambalo ni langu.

Siku ya kwanza kina mama walicheka.

"Nabii ameshuka Makongeni!"

"Nabii, leo tuweke ndoo ama tuweke imani?"

"Wekeni ndoo, mama zangu," akawajibu, mikono kiunoni. "Imani haina mfuniko."

Maji yakaja saa kumi kasoro dakika tano. Siku ya nne hawakucheka tena. Wiki ya pili wanawake wa mistari mingine walikuwa wanakuja kusoma karatasi yetu na kuondoka wakihesabu kwa vidole. Mama mmoja alimpa rafiki yangu muhogo wa kuchoma, bure. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, na mama huyo akaniuliza, "Na wewe unafanya kazi gani hapa, mwanangu, unashika gundi?"

Nilicheka. Jioni niliandika ukurasa mzima kuhusu muhogo.

Nataka niseme ukweli kuhusu wiki hizo mbili. Nilikuwa nasubiri. Behewa hata moja halikuoshwa, na kila jioni baba alipoketi kula nilimtazama mdomo. Nilitaka aseme. Sikutaka mtu yeyote aumie. Nilitaka tu karatasi ile ya ukutani ikosee mara moja, mbele ya wale waliomwita nabii, halafu mtu aseme: hebu tumuulize yule mwingine.

Jumatano ya wiki ya tatu baba alinawa mikono, akavuta sahani ya sukuma na ugali, akasema, "Kesho kuosha."

Karatasi ya ukutani ilisema: Alhamisi, saa nane mchana.

Asubuhi nikienda shule nilimkuta mamake rafiki yangu nje, amepanga beseni nne. Kanzu za kwaya zilikuwa zimerundikwa kwenye benchi, nyeupe, zenye kola nyekundu. Jumapili hiyo kwaya yetu ilikuwa inapokea wageni kutoka kanisa jingine, na kanzu zilitakiwa Ijumaa jioni zimepigwa pasi. Alikuwa na mitungi miwili tu ya maji aliyoweka akiba. Inatosha kuloweka. Haitoshi kusuuza.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nabii wenu ameshatoka mbio. Ni saa nane, sivyo? Nataka kuloweka sasa, ila kola hizi zikikaa sana kwenye sabuni zinachuja rangi. Nikiloweka sasa nikasuuza saa nane, niko sawa."

Alikuwa ananiuliza mimi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananiuliza mimi kuhusu maji. Ningesema neno moja, kuosha, neno la baba, lisilo gumu hata kidogo. Koo likakauka kama kawaida yake, lakini safari hii sitaisingizia haya. Nilikuwa na nafasi ya kusema na nikaitumia kusema kitu kingine.

"Ndiyo, Mama," nikajibu. "Saa nane."

Tuliporudi kutoka shuleni saa kumi na robo tuliona kutoka mbali watu wamesimama wimawima mferejini, ndoo tupu zimelala. Rafiki yangu alianza kukimbia. Mamake alikuwa ameinama juu ya beseni la pili. Maji yalikuwa mekundu kama juisi ya unga. Alikuwa ameomba maji nyumba kwa nyumba, akapata sufuria hapa, birika pale, hayakutosha beseni moja. Alinyanyua kanzu moja, na mabega yake yalikuwa ya rangi ya pipi.

"Nabii!" mtu akaita kutoka foleni. "Mungu wako amelala leo?"

Wengine wakacheka.   Rafiki yangu alichukua mitungi miwili akavuka barabara kuu, Jogoo Road, kwenda kutafuta maji, nami nikachukua miwili nikamfuata.  Tulipokuwa tunarudi, mitungi imetukata vidole, alisimama.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza. "Niambie wewe. Namba ni zako, na namba zako hazikosei. Mimi ndiye nimezichezea vibaya."

Nikasema, "Pengine ni mkosi tu."

Mamake alimwambia asilie, hata redio husema mvua na jua likawaka. Lakini rangi haikutoka. Jumapili kwaya iliimba mbele ya wageni ikiwa na mabega ya pinki, na baada ya ibada kiongozi wa kwaya alizungumza na mama wa rafiki yangu pembeni, kwa upole mwingi, na tangu hapo kanzu hufuliwa na mtu mwingine. Rafiki yangu alikwenda mferejini mwenyewe mchana kweupe, akabandua karatasi, akaikunja mara nne. Nilimtazama kupitia dirisha letu. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nasubiri, na hakuna mtu aliyesema tumuulize yule mwingine.

Jumanne iliyofuata mwalimu wa hesabu alileta mgeni. Alikuwa mwanamke, aliwahi kusomeshwa na mwalimu huyo huyo, sasa mtafiti wa chuo kikuu. Alivaa viatu vya matope na saa ya kiume. Tulikuwa tumeambiwa tumwite Daktari. Alikaa kwenye dawati letu, si kwenye kiti cha mwalimu, na rafiki yangu akamweleza kila kitu kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. Mwisho akasema, "Kwa hivyo mradi umekufa, Daktari."

"Umekosea mara ngapi?"

"Katika wiki tatu, mara moja. Lakini ile mara moja..."

"Mimi," yule Daktari akamkatiza, "napima joto na mvua huko milimani, nahesabu na mbu, ili niseme malaria itapanda lini na zahanati ziweke dawa mapema. Mwaka wa kwanza nilisema mwezi, ukawa mwingine. Dawa zilifika watu wameshaugua. Kuna mzee alinifuata mpaka kwenye gari, akanipeleka kwake kunionyesha kitanda kitupu cha mjukuu wake. Sikulala vizuri muda mrefu." Akaizungusha saa yake mkononi. "Sikutupa kazi. Nilirudi nikaangalia nilipokosea, siku moja moja. Una orodha ya makosa?"

Rafiki yangu akatoa karatasi yake. Siku za mkosi.

"Mkosi," Daktari akasema, akitabasamu. "Mkosi haupimiki, kwa hivyo tusiuandike kwanza. Hizi siku ni nyingi mno, na zote zinakosea upande mmoja: mnasema maji yapo, na hayapo. Ingekuwa bahati tu, mngekosea huku na huku. Kuna kitu kinafunga maji hizo siku, na hamjakipima. Daftari la kwanza liko wapi? Lile lililoandikwa siku yenyewe. Nakala huwa inaacha vitu."

Wote wakanitazama. Shajara ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwa kuwa siiachi nyumbani hata siku moja, naogopa itasomwa.

"Ina mambo yangu," nikasema.

"Nitaangalia pembeni na juu tu. Nakuahidi."

Mwalimu akasema, "Bila daftari la kwanza, waamuzi hawatautazama mradi huu. Utaratibu ndio huo."

Rafiki yangu akanigeukia. "Wape tu, tafadhali. Namba zako ndizo zinaweza kunitetea."

Nikalitoa.

Daktari alitimiza ahadi yake. Alichukua orodha ya mkosi, akafungua siku ya kwanza, akaweka kidole juu ya ukurasa. Siku ya pili. Siku ya tatu. Alipofika ya tano aliruka mpaka ya mwisho, akaacha kufungua.

"Hivi viduara ni nini?"

Aliuliza kwa upole. Lakini rafiki yangu alikuwa ameinama begani kwake, na yeye hakuwa ametoa ahadi yoyote. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa ile Alhamisi. Juu niliandika: Hakuna. Pembezoni, kiduara. Na chini, kwa mwandiko wangu safi ambao walimu wote husifu: *Nilijua tangu jana. Sikumwambia. Aone na yeye.*

Alisoma. Nilijua amesoma kwa sababu pumzi yake ilibadilika. Tumekaa dawati moja muda mrefu.

Nikasema, na sauti ikatoka, nzima, mbele ya watu watatu: "Ni siku za kuosha mabehewa. Baba hutuambia jioni yake. Nilizijua zote."

Mwalimu alifuta chaki ambayo haikuwepo mikononi mwake. Daktari alilifunga daftari taratibu, akanirudishia, akasema tu, "Basi ongezeni safu." Sijui kama alielewa yote. Nadhani alielewa.

Tuliongeza safu. Makosa karibu yote yakaingia mahali pake, mstari ukakaa. Mwalimu alipouliza nani atasimama jukwaani mkoani, rafiki yangu hakuinua macho. "Aende yeye," akasema. "Ndiye anayejua."

Nikaenda. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mwamuzi mmoja akaniomba mara mbili niongeze. Waliuliza nani alikusanya namba, nikasema mimi. Wakauliza nani alichora mstari, nikasema jirani yangu, hayupo leo. Tulipewa cheti cha karatasi nyepesi, kimeandikwa jina la shule. Kiko ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kwa mamake rafiki yangu nilikwenda mwenyewe, nikamwambia yote nikiwa nimepiga magoti kando ya beseni zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyanyuka, utalowa," akaendelea kufua. Mpaka leo huitikia shikamoo yangu. Bintiye pia hunisalimia: "Sasa." Nami namjibu, "Fit." Yanaishia hapo. Mwaka huu, kidato cha nne, tuko madawati tofauti.

Karatasi iko tena ukutani juu ya mfereji, na kina mama wanamwita Nabii kama zamani. Ila hahitaji daftari langu. Kando ya mlango wao kuna msumari, na kwenye msumari kuna daftari lake mwenyewe, lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Na kila jioni, baba akishanawa mikono, ukuta wetu hugongwa mara mbili.

"Baba! Kesho kuosha?"

"Kesho hapana, mwanangu," baba hujibu, akitabasamu kuelekea ukutani, na mimi niko katikati yao, nimeshika bakuli la mboga.

Jana mferejini nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mtungi wake ulipowekwa chini ya maji niliona midomo yake ikitembea. Alikuwa anahesabu. Nikaanza na mimi, kimoyomoyo, pamoja naye, mtungi ule ule. Mimi nilifika mia moja na kumi na mbili. Yeye alibeba mtungi wake, akaenda kuandika yake, na sikumuuliza alifika ngapi.